UZI: Mgonjwa akikwambia "kifua hakiumi, nimebanwa tu", usimrudishe kwenye benchi

ZamuYaUsiku (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wauguzi wenzangu kwanza, ila hata wewe unayemuuguza mzazi nyumbani usiupite.

Nina miaka 11 wodini, 6 kati ya hiyo nimekaa na wagonjwa wa moyo tu. Nataka tuzungumzie uuguzi wa watu ambao mishipa inayolisha moyo imeziba au inaelekea kuziba. Naanza na mzee mmoja, kwa sababu karibu kila ninachokijua kwenye kazi hii nimekijenga juu ya kosa nililomfanyia.

Nilikuwa mpya kazini, hospitali siitaji. Saa 11 alfajiri mzee kaingia na mkewe. Nikamwamkia, nikamwuliza: "Mzee, kifua kinauma?" Akanijibu kwa upole: "Hapana mwanangu, hakiumi. Hapa juu ya tumbo ndiyo hapajakaa vizuri." Nikaandika kwenye faili kwamba hana maumivu ya kifua, nikamwonyesha benchi. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Ngumi ya mkono wa kulia ameikita katikati ya kifua, haiondoi. Yote mawili niliyaona, sikuyasoma. Baada ya saa nzima na zaidi mkewe akanifuata kaunta: "Sista, huyu anasema amebanwa. Anasema ni kama katwishwa kinu hapa." ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ilipopigwa ilionyesha ukuta wa mbele wa moyo haupati damu kabisa. Jioni ya siku hiyo tulimfunika shuka.

Mzee hakunidanganya. Nilimuuliza kama kifua kinauma, na kweli hakikuwa kinauma. Kwa Kiswahili jino linauma, kidonda kinauma, mgongo unauma. Moyo uliokosa damu mara nyingi hauumi hivyo. Unabana, unakaza, unaelemea, unawaka. Sisi tumesomea vitabu vya Kiingereza, tunatafsiri papo hapo mbele ya mgonjwa, na neno tunalolichagua linamfungia mlango. Tangu siku ile siulizi tena "kifua kinauma?" peke yake. Nauliza: "Kifua unakisikiaje? Kimebanwa? Kizito? Kinawaka?" Halafu nanyamaza, namwangalia mkono unakwenda wapi. Akionyesha kwa kidole kimoja mahali padogo, nahofia kidogo. Akikita ngumi au kiganja kizima katikati ya kifua, naenda kuchukua mashine ya ECG hata kabla hajamaliza kusema.

Haya ndiyo maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu kutoka kwa watu ambao baadaye ilithibitika ni mshtuko wa moyo: kifua kizito. Kama kuna mtu amenikalia. Kiungulia hakiishi tangu jana. Pumzi inakata. Taya linavuta. Mkono wa kushoto umekufa ganzi. Mabega yamechoka. Na hili la mama mmoja wa sukari: "Nimeishiwa nguvu ghafla, basi." Huyo hakubanwa popote. Wanawake, wazee na wagonjwa wa kisukari ndio wanaotuponyoka zaidi. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaua hisia za neva, kwa hiyo moyo unaweza kuwa unakufa huku mtu anakueleza uchovu, kichefuchefu au kuhema tu. Kuna utafiti ulifanyika Moshi kwa wagonjwa wa idara ya dharura, ukaonyesha kwamba wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo hawakugunduliwa. Nilipousoma nikamkumbuka mzee wangu.

Kwa wasio wauguzi, kinachotokea ni hiki. Moyo haujilishi kwa damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto unaogawanyika mapema kuwa matawi makubwa mawili. Mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo kwa miaka, yakisaidiwa na presha, sukari, sigara na urithi. Njia ikishakuwa nyembamba, mtu anabanwa akipanda kilima, akibeba ndoo au akikasirika, akitulia dakika chache inaisha. Hiyo anjaina ni onyo. Siku ule ukuta wenye mafuta ukipasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba, na misuli iliyokuwa inalishwa nao inaanza kufa ndani ya nusu saa hivi, ikiendelea kufa saa hadi saa.

Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa apigwe ECG ndani ya dakika 10 tangu avuke mlango. Wakuu, dakika hizo 10 ni zetu. Daktari mara nyingi bado hajafika. Nikiingia zamu, kabla ya kupokea faili naiangalia mashine: chaji ipo? Karatasi ipo? Elektrodi zinashika? Wembe upo? (Kifua chenye nywele nyingi usipokinyoa utapata mistari ya kutetemeka tu.) Nimewahi kukuta mashine imefungiwa ofisini na ufunguo umeondoka na mtu wa mchana. Tangu siku hiyo ufunguo hauondoki wodini.

Kwa kina mama elektrodi zinakaa chini ya ziwa. Vuta pazia, omba ruhusa, nyanyua kwa mgongo wa mkono. Ukizipandisha juu ya ziwa kwa aibu unasoma kitu kingine. ECG ya kwanza ikiwa safi na mgonjwa bado kabanwa, rudia baada ya dakika 15 hadi 30. Ikionyesha shida ya ukuta wa chini, hamisha elektrodi ya nne upande wa kulia upige tena kabla mtu hajampa dawa ya chini ya ulimi. Moyo wa kulia ukiwa umeguswa, dawa ile inaweza kuiangusha presha chini kabisa.

Aspirini 300 mg, kwa agizo au kwa mwongozo wa hospitali yako: mwambie ATAFUNE. Watu wetu wamezoea kumeza na maji, ukimpa bila neno atameza. Simama hapo hadi amalize kutafuna.

Nitrogliserini ya chini ya ulimi: pima presha kwanza. Ya juu ikiwa chini ya 90, usitoe. Na kuna swali moja ambalo wengi tunalikwepa, la dawa za nguvu za kiume. Sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48, ukichanganya na nitrogliserini unaweza kumpoteza mgonjwa mikononi mwako. Usiulize mbele ya mke, wala mbele ya mtoto wake. Mimi nasema, "Mama, naomba uniletee kadi yake ya kliniki pale kaunta," akishatoka nainama: "Mzee, samahani, nauliza kwa sababu dawa hii inaweza kugombana na nyingine. Umetumia chochote cha nguvu, hata cha mitishamba?" Nasema hata cha mitishamba kwa sababu dawa nyingi zinazouzwa kama za asili zimewahi kukutwa na sildenafili ndani.

Oksijeni. Najua hapa wengine watabisha. Tulifundishwa kila mwenye mshtuko wa moyo avalishwe. Mwaka 2017 Wasweden walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 6,600, nusu wakapewa oksijeni, nusu wakaachwa na hewa ya kawaida, wote oksijeni ya damu ikiwa asilimia 90 au zaidi. Vifo havikutofautiana. Kwa hiyo weka kipimo kidoleni, chini ya 90 mpe, juu ya hapo mtungi umsubiri mwenye shida nao.

Na tafadhali, msimchome sindano ya kalio. Najua zahanati nyingi mtu akilalamika tu anachomwa diklofenaki. Mgonjwa huyu huenda baada ya saa moja akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na pale ulipomchoma patavuja hadi pavimbe kama embe. Isitoshe, diklofenaki yenyewe ni mbaya kwa moyo huu. Weka kanula mbili mapema (vile vimirija vya mshipani vya kupitishia dawa), moja kila mkono, halafu uache kumtoboatoboa.

Nitaendelea na ya wodini nikitoka zamu. Wenye maswali wekeni.

---

Kanula20

Sista shikamoo. Mimi niko mwaka wa pili diploma. Chuoni tunaandika mpango wa uuguzi: maumivu, kupungua kwa kazi ya moyo, hofu, kutovumilia shughuli. Ukifika wodini unaona wauguzi wanagawa dawa tu. Kwa mgonjwa huyu mpango unafanyaje kazi kweli?

---

ZamuYaUsiku

Marahaba mdogo wangu. Chukua hilo la "kutovumilia shughuli", maana limejificha kwenye jambo ambalo hakuna anayeliona: choo.

Mgonjwa wa siku ya kwanza yupo kitandani, kapewa mofini, hali chakula vizuri, hajatembea. Tumbo linafunga. Usiku wa pili anaomba bedpani. Analala chali juu ya chuma baridi, kiuno juu, anajikamua pumzi kaibana. Anapojikamua vile damu inayorudi moyoni inapungua, akiachia inarudi kwa kishindo, mapigo yanavurugika. Nimeshuhudia mtu akibadilika rangi juu ya bedpani. Kiti cha choo pembeni ya kitanda kinamchosha kidogo kuliko bedpani. Mpe mkono, mkalishe, miguu iguse chini, vuta pazia, simama nje ukisikiliza. Dawa ya kulainisha choo iombe kabla hajafunga. Andika kwenye ripoti ya zamu lini alipata choo, kwa uzito uleule unaoandika presha.

Hofu nayo ni kazi. Moyo wenye hofu unakwenda mbio, ukienda mbio unataka damu ambayo haipo. Mwambie kila waya ni wa nini. Punguza kelele ya monita (mashine inayoonyesha mapigo) kwake, isikike kaunta. Kama mkewe anamsomea dua kwa sauti ya chini na mapigo yanashuka kutoka 104 hadi 88, muda wa kuona wagonjwa umekwisha lakini wewe mwache akae.

Na kupumzika kusizidi. Zamani mtu wa mshtuko wa moyo alilazwa wiki 6 hata kugeuka anageuzwa, wengi wakafa kwa damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Mwaka 1952 kule Boston madaktari Samuel Levine na Bernard Lown walitoa ripoti ya kuwakalisha kwenye kiti mapema, wakaonekana kama wanaua watu, kumbe ndio walikuwa sahihi. Siku hizi aliyetulia, habanwi, presha na mapigo viko sawa, ndani ya siku moja anakaa kitini, kesho yake anakwenda chooni na wewe pembeni. Pima mapigo kabla na baada. Yakiongezeka kwa zaidi ya 20 au akibanwa, mrudishe kitandani.

---

Tabibu wa Kata

Dada umeandika vizuri, ila niko zahanati, barabara kuu ni kilomita 38. ECG hakuna, monita hakuna. Nikimshuku mtu nifanye nini zaidi ya kuandika rufaa?

---

ZamuYaUsiku

Kaka, wewe una vitu viwili ambavyo mimi sina: aspirini saa ya kwanza kabisa, na saa yenyewe.

Mtafunishe aspirini 300 kama hana mzio na havuji damu. Mkalishe ameegemea, asitembee hata kwenda kwenye gari, abebwe. Usimpandishe bodaboda peke yake na barua mfukoni. Nenda naye au mpe mtu aliyefundishwa kubonyeza kifua. Piga simu mbele. Na kwenye barua, juu kabisa, andika saa aliyoanza kubanwa. Wengi wanaandika saa aliyofika zahanati. Dawa ya kuyeyusha damu hutolewa ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, na kila saa inayopita faida inapungua. Kwa mgonjwa wako, saa ile uliyoiandika ndiyo itakayoamua apewe au asipewe. Ongeza kama amewahi kupata kiharusi, kuvuja damu, upasuaji wa karibuni, na kama amewahi kupewa streptokinesi, mojawapo ya hizo dawa za kuyeyusha damu, huko nyuma. Haya yote sisi tutayahitaji ndani ya dakika 5 na ndugu anayekuja naye mara nyingi hajui.

---

Mpwani254

Salamu kutoka Mombasa. Nimefurahi sana kwa hili la maneno, maana huku kwetu kuna neno lauwa watu: *riahi*. Mama atakwambia "nina riahi, yanipanda kifuani". Nyumbani kashakandwa mafuta, kashanyweshwa tangawizi, siku mbili zimepita. Akifika mwuguzi akisikia riahi ampa dawa ya gesi. Mimi sasa nikisikia riahi kwa mtu aliyevuka miaka 40, hasa mwenye presha au sukari, kwanza ECG, gesi baadaye. Mara nyingi kweli huwa ni gesi. Sijali.

Nyongeza kuhusu streptokinesi kwa wanaoitumia: chupa usiitikise, itatoa povu. Izungushe polepole. Uniti milioni 1.5 kwa dakika 30 hadi 60, presha kila dakika 5 mwanzoni. Ikishuka punguza kasi au simamisha, inua miguu, mwite daktari. Tazama fizi, mkojo, na zungumza naye kila mara. Akianza kuongea ovyo au kichwa kikimwuma ghafla, simamisha hapo hapo, huenda damu imevuja kichwani. Mapigo yakivurugika kidogo mshipa unapofunguka, usibabaike, mara nyingi ni dalili damu imepita. ECG tena baada ya dakika 60 hadi 90, mstari wa ST (sehemu ya mchoro wa ECG iliyopanda mshipa ulipoziba) uwe umeshuka nusu au zaidi. Usiposhuka, dawa haikufungua.

---

ZamuYaUsiku

Dada wa Mombasa, "riahi" nimeinakili kwenye daftari langu la maneno. Asante sana.

Na kwa hilo la mapigo kuvurugika umenikumbusha monita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale Philadelphia, daktari Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo walifanya jambo ambalo wakati ule lilikuwa kubwa: muuguzi aliyefunzwa akiona moyo unatetemeka bila kusukuma damu, apige shoti mwenyewe bila kumsubiri daktari. Sababu ni hesabu. Kila dakika inayopita bila shoti, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Daktari akiitwa kutoka nyumbani anafika kuandika cheti. Kwa hiyo, mashine ya shoti ijaribiwe kila zamu, na kila muuguzi wa kitengo aijue kama anavyojua kupima presha. Kama hospitali yako inasema ni ya madaktari tu, leteni hoja kwenye kikao, mkiwa na karatasi ya mafunzo mkononi.

---

Mwana wa Kilosa

Wakuu samahani, mimi si mtu wa afya, nimesoma uzi wote tangu juu. Baba yangu ana miaka 63, aliwekewa stenti Dar miezi mitano iliyopita. Tulirudi naye nyumbani akiwa vizuri kabisa. Jana nimeongea naye ananiambia dawa "dozi alishamaliza" kama wiki mbili zilizopita, anaendelea na ya presha tu. Nimejaribu kuangalia picha ya karatasi aliyopewa, kuna aspirini, klopidogreli 75, atovastatini 40 na bisoprololi. Ni sawa au kuna shida?

---

ZamuYaUsiku

Mdogo wangu, kuna shida, na ya leo. Nakujibu kabla ya kulala.

Stenti ni bomba dogo la waya lililoachwa ndani ya mshipa wa moyo wa baba. Mwili bado haujalifunika vizuri kwa ngozi yake ya ndani. Klopidogreli pamoja na aspirini ndizo zinazozuia damu isigande juu ya waya ule. Aliyewekewa baada ya mshtuko wa moyo kwa kawaida hutumia zote mbili miezi 12, kisha aspirini maisha. Akiziacha mwezi wa tano, damu inaweza kuganda ndani ya stenti ghafla, na hilo linaweza kuua.

Leo hii atafute hizo dawa. Pigeni simu kliniki iliyomwekea stenti, namba iko kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Daktari ndiye aamue kama aanze na kipimo kikubwa au cha kawaida. Asimeze vidonge viwili viwili kufidia siku zilizopita. Kama duka la kijijini halina, nenda duka la dawa mjini au hospitali ya wilaya. Akisema pesa ndiyo iliyomfanya aache, muulize kwa upole, wazee wengi hawasemi. Wapo wanaogawa kidonge kimoja siku mbili ili kisiishe.

Wauguzi wenzangu, someni alivyosema mzee: "dozi nimemaliza." Hajapuuza ushauri. Kwa Kiswahili chetu dozi ni kitu kinachoisha. Dozi ya malaria siku tatu, dozi ya UTI siku saba, unamaliza, umepona. Sisi tunamkabidhi pakiti ya mwezi mmoja na kusema "maliza dozi". Akaimaliza. Tangu nilipogundua hili, neno dozi silitumii kabisa kwa wagonjwa wa moyo. Nasema: "Baba, hivi ni kama chumvi ya nyumbani. Kabla haijaisha unanunua nyingine." Halafu namwambia anirudishie kwa maneno yake, kidonge kimoja kimoja, hiki cha nini, utakiacha lini. Akijibu "nikimaliza hivi", naanza upya. Na anayemng'oa jino akimwambia aache dawa za damu, apige kwanza simu kliniki ya moyo.

---

Kanula20

Sista, na wale wanaotoka Cathlab (chumba cha kuingizia mrija kwenye mishipa ya moyo) siku hiyohiyo, ni nini cha kuangalia zaidi?

---

ZamuYaUsiku

Kabla ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kuanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, wagonjwa wetu wengi wa moyo walikuwa wanapelekwa India, wauguzi wengi tukawa tunasoma haya vitabuni tu. Sasa wanarudi wodini kwetu siku ya pili, kwa hiyo lazima tuyajue.

Kama waliingilia mkononi, gusa kiganja: joto? Vidole vina rangi? Mkanda unaobana kidonda unalegezwa polepole, siyo kwa mara moja. Kama ni pajani, mguu unyooke, paja lisikunjwe, na kila dakika 15 saa ya kwanza tazama kidonda, gusa pembeni kama pagumu, tafuta mapigo ya mguuni. La hatari zaidi halionekani: mgonjwa anasema mgongo wa chini unamwuma, presha inashuka, mapigo yanapanda, bandeji imekauka safi. Damu inavujia ndani, nyuma ya tumbo. Usimpe panado ukaondoka. Mwite daktari sasa hivi. Hakikisha anakojoa na anakunywa maji kama hajakatazwa, maana dawa anayochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha inapita kwenye figo. Kama anatumia metfomini ya kisukari, uliza lini airudie.

---

Mwana wa Kilosa

Sista, nimerudi. Ubarikiwe sana. Klopidogreli na atovastatini nimezipata Morogoro mjini, nimempa dereva wa basi, baba atazipokea saa 10 jioni. Kliniki nimepiga, wameniambia aanzeje. Kweli ilikuwa pesa, hakutaka kutusumbua.

Sasa anauliza kama anaweza kurudi shamba kupalilia. Na mama anauliza kuhusu kula, maana yeye hupika kila kitu na nazi.

---

ZamuYaUsiku

Nimefurahi mno. Mama asitupe nazi, apunguze tui la kwanza, atumie la pili, na chumvi ya mtu mmoja kwa siku nzima isizidi kijiko cha chai, ikiwemo iliyo kwenye mboga. Samaki, maharage, mchicha, matembele, ndiyo jikoni kwake tayari.

Shamba, kabla sijakujibu nina ombi. Mpigie baba sasa. Usimwulize kama kifua kinauma. Mwulize kama amebanwa siku hizi, akifanya kazi au akitembea. Kisha uje uniambie alivyojibu, neno kwa neno.

---

Mwana wa Kilosa

Nimempigia. Kwanza alisema yuko salama. Nilipomuuliza "umebanwa?" akanyamaza kidogo. Akasema: "Juzi na jana, nikipanda kutoka kisimani. Panakaza hapa katikati, nakaa kwenye jiwe, panaachia. Nilidhani ni uzee." Hakumwambia mama.

---

ZamuYaUsiku

Basi asisubiri basi la saa 10. Kubanwa kumerudi kama wiki mbili baada ya kuacha dawa. Mtafute jirani mwenye gari, apelekwe hospitali ya wilaya sasa hivi, apigwe ECG na damu ipimwe troponini (kipimo kinachoonyesha misuli ya moyo imeumia) kama wanayo. Asitembee hadi barabarani, gari imfuate mlangoni. Kama aspirini ipo ndani ya nyumba au kwa jirani, na hana mzio wala havuji damu, atafune 300 kabla ya kuondoka. Dereva wa basi mpigie, dawa azishushe hapo hapo wilayani, mtu azifuate. Kliniki ya moyo piga tena uwaambie hayo maneno yake kama alivyoyasema. Na wewe mwambie mama aende naye, achukue karatasi ya kuruhusiwa na hilo boksi tupu la dawa.

Simu yangu iko wazi, niandikie ukifika hatua yoyote.

---

Mwana wa Kilosa

Gari imepatikana. Wametoka nyumbani saa 8 na dakika 20. Mama ana karatasi. Baba katafuna.